Kisiwa cha Menouthias na alama za Warumi katika visiwa vyetu: naomba msaada wa wasomaji

Msomaji wa Mwembetanga

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu wasomaji.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 71, na tangu nilipojua kusoma sikumbuki wiki iliyonipita bila ya kuwa na kitabu mkononi. Nimezaliwa Makunduchi. Katika utoto wangu nyumba yetu haikuwa na umeme, kwa hivyo nilisoma usiku kwa kandili, utambi ukiwa umeteremshwa hadi mwanga ukatosha ukurasa mmoja tu, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ya kununua na mama alikuwa akiyapimia. Kitabu cha kwanza kuwa changu mwenyewe nilipewa na mjomba wangu aliyekuwa karani bandarini. Hakikuwa na jalada wala kurasa zake 10 za mwanzo, nami nilikirudia mara nyingi hata nikazitunga mwenyewe kichwani kurasa zilizokosekana.

Hamu yangu ya kuijua Roma ilianzia chuoni. Tulipofika katika Surat Ar-Rum nilimuuliza maalim wetu kuwa hao Warumi walioshindwa katika nchi ya karibu, na ambao wangeshinda tena baada ya miaka michache, walikuwa watu gani. Alinijibu kwamba walikuwa wenye dola kubwa iliyopigana na Wafursi, na kwamba nikitaka zaidi nitafute vitabu. Nimevitafuta kwa zaidi ya miaka 50. Nimesoma habari za makaisari Augustus na Hadrian, za barabara zilizonyooka kama kamba iliyovutwa, za mifereji iliyopitishwa juu ya matao ya mawe ili maji yaufikie mji, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hayo yote ni ya watu wa mbali, na kwamba sisi tunayatazama kama mtu aliyesimama ufukweni usiku anavyotazama taa za meli inayopita nje ya Chumbe bila ya kutia nanga.

Mwaka 1978 nilikutana maktabani na tafsiri ya Kiingereza ya Periplus, mwongozo wa biashara ya bahari ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza miladia na mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa, ambaye kwa dalili zote alikuwa mfanyabiashara wa Misri wakati Misri ilipokuwa jimbo la Roma. Pwani yetu anaiita Azania. Anaeleza kuwa kipo kisiwa kiitwacho Menouthias, umbali wa stadia 300 hivi (kipimo cha Kigiriki) kutoka bara, kisichoinuka sana na chenye miti mingi, chenye mito, ndege wa kila namna na kobe wa nchi kavu. Wanyama wakali hakuna isipokuwa mamba, nao hawadhuru watu. Kuna vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja ya kuvulia samaki na kasa. Na watu wake wana namna yao ya kuvua kwa vikapu vya kusukwa wanavyovifunga penye milango ya maji. Nilipofika hapo ilinibidi nikiweke kitabu mapajani. Nilimwona marehemu baba yangu mdogo akiliinua dema lake, mtego wa samaki wa kusukwa kwa fito, pwani ya Makunduchi, maji yakimchuruzika viwikoni na changu wakipigapiga mikia ndani ya fito. Mtu wa dola ya Roma alikuwa ameiona kazi ya wazee wetu, au ameisikia kwa aliyeiona, na akahisi inastahiki kuandikwa.

Sasa ninaandika kijitabu cha kurasa zisizozidi 40 kwa ajili ya watoto wa skuli wa mtaa wetu, na sitaki kuwapa neno lisilo na msingi. Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie kujua kama tunaweza kusema kwa uhakika kwamba Menouthias ni Unguja au ni Pemba, na kama kuna kitu chochote cha Kirumi kilichotoka katika ardhi ya visiwa vyetu kwa uchimbaji wa kitaalamu. Nauliza hili la pili kwa sababu jirani yangu mmoja ana sarafu anayosema ni ya Kaisari, na ameniomba niitie picha yake kitabuni.

Mwana wa Wete

Wa alaykum salaam, Mwalimu wangu, na shikamoo.

Nimekulia Wete na baba yangu alikuwa mvuvi wa madema hadi macho yalipomshinda, kwa hivyo moyo wangu unataka Menouthias iwe Pemba, na ndiyo maana nimejilazimisha kuyapima maneno ya Periplus kwa ukali zaidi kuliko ambavyo ningeyapima kama ningekuwa mtu wa kwengine.

Stadia moja hukadiriwa kuwa mita 185 hivi, basi stadia 300 ni kama kilomita 55. Mkondo wa Pemba una upana unaokaribia kilomita 50, ambapo Unguja iko karibu zaidi na bara. Mito nayo inatusaidia sisi, kwa kuwa Pemba ina vijito vingi vinavyoteremka baina ya vilima, na mabaharia wa Kiarabu hawakukosea walipokiita Al-Jazira Al-Khadra, Kisiwa cha Kijani. Lakini Periplus inasema pia kwamba kisiwa hakiinuki sana, na hapo Unguja ndiyo inayonufaika, kwani nchi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare kuliko yetu. Tena mwandishi alihesabu kwa mwendo wa tanga, si kwa kamba ya kupimia. Kosa la kilomita 15 katika hesabu ya namna hiyo si kubwa.

Wapo wanaoitaja Mafia. Hao nawauliza jambo moja. Periplus inasema Rhapta, soko la mwisho la Azania, iko mwendo wa siku 2 baada ya kisiwa hicho, na wengi wa wanaoitafuta Rhapta siku hizi wanaielekea Rufiji. Mafia iko mbele ya mdomo wa Rufiji hasa. Ikiwa Rhapta ilikuwa huko, mwendo wa siku 2 kutoka Mafia utakuwa ni wa kwenda wapi? Hoja hii inawaangukia tu wale wanaoiweka Rhapta Rufiji, sikatai, lakini mimi imenitosha kuiweka Mafia nyuma ya visiwa vyetu viwili.

Jengine la kukumbuka ni kwamba kitabu chenyewe kimetufikia kwa uzi mwembamba. Iko nakala moja ya mkono ya karne ya 10 inayohifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, na ile iliyoko London imenakiliwa kutokana na hiyo hiyo. Mnakili aliteleza pahala kadhaa, na habari za njia ya kufikia Menouthias ni mojawapo ya sehemu zinazowasumbua wafasiri. Kwa hivyo nakushauri, Mwalimu, uandike kwamba Menouthias ni kimojawapo cha visiwa vya mwambao wetu, na kwamba Pemba na Unguja ndivyo vyenye hoja nzito zaidi, kisha uwaachie watoto hesabu ya stadia waifanye wenyewe ubaoni.

Kuhusu mamba wasiodhuru watu, wapo wataalamu wanaodhani kwamba aliyesimuliwa ni kenge, na mtu aliyekutana na kenge mkubwa akivuka njia penye mikoko hatalikataa wazo hilo haraka.

Ama dema, hapo ningependa uwe mwangalifu. Dema la baba lilisukwa kwa fito nyembamba, macho yake yakiwa na pembe 6, na mlango wake unaingia ndani ukizidi kubana, hata samaki aliyefuata chambo akashindwa kuiona njia aliyoingilia. Dema hulazwa chini, likazamishwa kwa mawe, likafuatwa siku ya pili. Periplus inazungumzia vikapu vilivyofungwa penye milango ya maji, na hilo linanikumbusha zaidi uzio, ule wa fito zinazosimamishwa kukata njia ya maji, samaki akaja na maji yanayojaa na akabaki ndani maji yanapotoka, hasa wakati wa bamvua. Huenda waliunganisha vyote viwili, kikapu na mlango. Mimi ningeandika "mitego ya kusuka" na nikachora dema na uzio kwa pamoja, kila kimoja na jina lake.

Vyombo vya kushonwa havina shaka. Jina lenyewe la Rhapta, kama Periplus inavyoeleza, linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo hivyo. Mtepe wetu ulishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, ukaenda kwa tanga la mkeka, na ulidumu katika mwambao huu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Waliowahi kuingia Jumba la Maajabu kabla ya sehemu yake kuporomoka mwezi Disemba 2020 watakuwa wameuona mfano wake uliojengwa kwa ukubwa kamili. Na wewe wa Makunduchi hukosi kuwakumbuka kina mama waliofukia makumbi katika matope ya pwani, wakayaacha yaoze, wakayafukua na kuyaponda kwa magongo, kisha wakayasokota kamba mapajani. Ushonaji wa namna hiyo ndio ulioupa mji mzima jina lake, kama mtu wa Misri alivyoandika.

Nahodha Mstaafu, Nungwi

Naongeza la pepo tu, kwani bila ya pepo habari hii haieleweki. Periplus inaeleza kuwa vyombo vya kuja huku viliondoka Misri mwezi wa Julai, vikateremka Bahari ya Shamu, vikafika pembe ya Somalia. Kuanzia hapo hakuna tanga linaloshuka huku mpaka kaskazi isimame, na sote tunajua kwamba kaskazi haisimami sawasawa kabla ya Disemba. Kurudi ni kwa kusi, na kusi ikikolea katikati ya mwaka bahari ya Ras Asir, kwenye pembe hiyo ya Somalia, haiingiliki. Kwa hivyo mtu aliyetoka Misri kuja Rhapta aliweza kukaribia miaka 2 kabla ya kuiona nyumba yake, na muda mwingi katika huo alikuwa amekaa akisubiri. Aliyekwenda Hindi alitoka mwezi huo huo wa Julai, akapelekwa na kusi moja kwa moja hadi ng'ambo, akarudi na kaskazi, na kwa kiasi cha mwaka mmoja alikuwa amekwisha. Mwenye mtaji angechagua ipi?

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Warumi wenyewe walikuwa wachache huku. Periplus inasema watu wa Muza, katika Yemen, ndio walioleta majahazi yao, wakiwa na manahodha na mawakala wa Kiarabu waliojua pwani hii na lugha yake, na waliooa kwa wenyeji. Maneno hayo yangeandikwa miaka 1,800 baadaye kuhusu bandari yetu ya Malindi mjini Unguja, yangekuwa kweli vile vile.

Mchekechaji

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kuhusu uchimbaji wa kitaalamu, kwa sababu hapo ndipo habari nyingi zinapoharibika. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kibarua cha kuchekecha mchanga katika uchimbaji uliofanywa kusini ya Unguja, na kazi hiyo ilinifundisha kwamba kitu kilichotoka ardhini bila ya kujulikana kilitoka tabaka gani ni sawa na ukurasa uliochanwa katika kitabu: unaweza kuusoma, lakini hujui kilichotangulia wala kilichofuata.

Jibu lako lipo, na liko Unguja Ukuu, kusini ya Unguja. Mwaka 1996 mwanaakiolojia Abdurahman Juma alichapisha katika jarida la Antiquity makala kuhusu vyombo vya udongo vya kipindi cha mwisho cha Roma vilivyotoka katika uchimbaji wa hapo, vya karne ya 5 na ya 6 miladia. Ni vigae, si sanamu wala mahekalu. Udongo wa vyombo vya namna hiyo ni laini, umepakwa tope jekundu jepesi kabla ya kuchomwa, na ukikilowesha kigae chake wekundu wake unakolea. Kigae cha chungu chetu cha zama zinazokaribiana na hizo kina udongo wa mchangamchanga na mistari ya pembetatu iliyochorwa shingoni. Ukivishika viwili hivyo, kimoja mkono huu na kimoja mkono ule, vidole vinatofautisha kabla ya macho. Sijapata kusahau.

Watoto wataelewa vizuri zaidi ukiwaeleza karne hizo zilikuwa na nini. Dola ya Roma ya magharibi ilikuwa imekwisha, na mwaka ambao hutajwa ni 476. Iliyobaki ni ya mashariki, makao yake Constantinople, na Misri ilikuwa bado mikononi mwake. Hao ndio Warum wa ile sura uliyoisoma chuoni, Mwalimu, ambao Wafursi waliwashinda na kuwanyang'anya Jerusalem mwaka 614. Kwa hivyo vigae vya Unguja Ukuu na sura uliyoisoma ukiwa mtoto vinahusu dola moja, katika zama zinazopakana. Sidhani kwamba Mrumi yeyote alivibeba hadi huku kwa mkono wake. Bila shaka vilipita kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Yemen, mkono hadi mkono. Lakini vilifika, na mtu wa hapa alikula katika chombo kile mpaka kikavunjika.

Upande wa bara, mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza shanga za kioo alizozipata Rufiji, akazihusisha na biashara ya Kirumi iliyoelezwa katika Periplus. Na juu kabisa, Ras Hafun ya Somalia, ambayo ndiyo Opone ya Periplus, vimepatikana vigae vya zama za Periplus. Ukiziweka alama hizi kwenye ramani moja, kuanzia Hafun hadi Rufiji, njia ya tanga inaonekana.

Sasa sarafu ya jirani yako. Nakuomba kwa heshima usiitie kitabuni. Haina maana kwamba ni ya uongo. Pengine ni sarafu ya kweli ya Kirumi. Lakini sarafu huuzwa, hurithiwa, hutolewa zawadi na mabaharia na watalii, na kisiwa hiki kimepokea wageni wa kila bara. Bur Gao, huko Somalia, lilipatikana mwanzoni mwa karne iliyopita fungu la sarafu za zamani zikiwemo za makaisari wa Roma, lakini zimechanganyika na za karne nyingi mbalimbali kiasi kwamba wataalamu hadi leo wanasita kulitumia kama ushahidi. Tena Periplus yenyewe inatuonya. Inapotaja bidhaa zilizoletwa Azania inataja mikuki iliyofuliwa Muza, mashoka, majambia, vyuma vya kutobolea na vyombo vya kioo, na katika baadhi ya pahala mvinyo na ngano, si za kuuza bali za kutafutia mapenzi ya wenyeji. Sarafu haimo katika orodha hiyo. Inapozungumzia bandari za Hindi kama Muziris inataja fedha nyingi. Ndiyo sababu ardhi ya Hindi imetoa mafungu makubwa ya sarafu za Kirumi na yetu imetoa vigae: wao waliuza kwa fedha, sisi tuliuza pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya ng'amba kwa chuma na kioo.

Neno moja kwa watakaosoma hapa. Pwani ya Unguja Ukuu maji yakitoka vigae huonekana wazi mchangani. Tafadhali vitazameni na mviache pale pale. Kuchimba bila ya kibali cha wenye dhamana ya mambo ya kale ni kosa kisheria, na mkono mmoja wenye jembe unaweza kufuta kwa saa moja kile ambacho mchekecho ungekisoma kwa mwezi.

Msomaji wa Mwembetanga

Ndugu yangu Mchekechaji, nimelisoma jibu lako mara 3. Kwa miaka 46 nilikuwa nikitafuta ukuta, au nguzo, au angalau jiwe lenye maandishi, na sikuwahi kufikiri kwamba ningeridhika na kigae. Nimeridhika. Nitamwendea jirani yangu jioni hii kumweleza kwa upole kuhusu sarafu yake, na nitamwomba ruhusa niihadithie bila ya picha, ili watoto wajifunze kwa nini haikutiwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Shangani

Mwalimu mwenzangu, salaam nyingi. Sikuwahi kushika mchekecho, lakini nimefundisha lugha kwa miaka 22 na ningependa kuongeza ushahidi mwengine ambao haukufukiwa popote, kwa kuwa tunautumia kila siku.

Umeandika kwamba ulisoma kwa kandili. Kandili tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni qindil. Wao wamelipata kwa Kiaramu, Kiaramu kutoka kwa Kigiriki, na Kigiriki kutoka kwa Kilatini, ambako candela ni mshumaa. Neno hilo limepita katika vinywa vya watu wa lugha 4 kabla ya kufika Makunduchi. Dinari ni denarius, ile sarafu ya fedha ya Warumi. Sabuni ni sapo, na Pliny Mkubwa, mwanachuoni wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anaieleza kuwa ni kitu kilichobuniwa na watu wa Gaul, nchi ya Ufaransa ya leo, cha kutia nywele wekundu. Kasri, wanaisimu wengi wanalirudisha kwenye castrum, ngome ya jeshi la Kirumi. Fulusi, kwa maana ya pesa na si yule samaki, limetokana na follis, sarafu ya shaba ya zama za mwisho za Roma, zile zile za vigae vya Unguja Ukuu. Hata sirati tunayoisoma katika Sura ya Ufunguzi kila siku, wapo wanazuoni wa lugha wanaoihusisha na strata, barabara ya Kirumi iliyotandazwa mawe, iliyopita Shamu na pembezoni mwa jangwa la Waarabu.

Ninaomba tu jambo hili lisieleweke vibaya. Maneno haya hayaoneshi kwamba Warumi walikuja Zanzibar wakatufundisha kuwasha taa au kufua nguo. Taa na nguo tulikuwa nazo. Yanaonesha kwamba dola ile iliacha majina yake katika masoko ya Shamu na Misri, Waarabu wakayachukua pamoja na bidhaa, na sisi tukayapokea kwa Waarabu, tukayatia irabu mwishoni kama tunavyofanya kwa kila mgeni wa lugha. Nakushauri sura moja ya kijitabu iwe ya maneno. Mtoto hawezi kupelekwa Heidelberg, lakini sabuni iko bafuni kwao.

Na kwa kuwa umeandika habari za vitabu kwa moyo wa mtu anayevipenda, chukua tafsiri ya Periplus ya Lionel Casson iliyotoka mwaka 1989, ambayo imeweka Kigiriki upande mmoja na Kiingereza upande wa pili na ina maelezo marefu ya pepo, bandari na bidhaa. Mimi sijui Kigiriki, lakini nilijifunza herufi zake kwa wiki moja kwa ajili ya kitabu hicho tu, nikaweza kulitafuta jina la Menouthias kwa kidole mpaka nikaliona limeandikwa. Nilikaa nikilitazama muda mrefu.

Msomaji wa Mwembetanga

Nyote mmenipa zaidi ya nilichokiomba, na Mungu awalipe.

Nimeifungua daftari yangu ya mwaka 1978. Katika ukurasa wa Periplus niliandika kwa wino: "Menouthias ni Unguja." Sikuifuta, kwa sababu ni ushahidi wa jinsi nilivyofurahi siku ile, lakini nimeongeza pembeni kwa penseli: "au Pemba, stadia 300, nakala moja tu." Chini yake nimeandika maneno 6 ya Bibi Mwalimu wa Shangani, na nimeanza na kandili.

Sura ya kwanza ya kijitabu nilikuwa nimeianza na Augustus ameketi Roma. Nimeiondoa. Sasa itaanza pwani, maji yakitoka, na mtego wa kusuka ukiinuliwa, kisha ndipo msomaji aulizwe ni nani wa kwanza kuuandika. Augustus atangoja ukurasa wa 9.

Nimebakiwa na ombi moja kwa ndugu wa Wete. Umesema baba yako aliacha uvuvi macho yalipomshinda. Ikiwa yuko hai na ana nguvu za kuzungumza, ningependa kuvuka na boti wiki ijayo, baada ya sala ya Ijumaa, nimsikilize akieleza namna ya kulisuka dema tangu fito ya kwanza, na namna uzio unavyochaguliwa mahali. Nitakuja na mjukuu wangu anayechora vizuri. Je, atakubali?

Mwana wa Wete

Yuko hai, Mwalimu, na nimemsomea mazungumzo yote haya jana usiku. Nilipofika kwenye vikapu vya milango ya maji alinikatiza, akasema mtu huyo wa Misri hakuuliza vizuri, kwani kinachofungwa mlangoni ni uzio na kikapu huwa nyuma yake, penye kina, na kwamba wazee wa Kojani walikuwa wakifanya hivyo alipokuwa mdogo. Anasema mje, na mjukuu aje na karatasi kubwa. Fito atazikata yeye mwenyewe.